Kabla ya kompyuta: namna polisi walivyowatambua wezi waliobadili majina

Mwezi wa Februari 1883, katika jiji la Paris, mtu mmoja aliyekamatwa aliletwa mbele ya karani wa polisi. Alisema anaitwa Dupont. Ni jina linalojaa Ufaransa, kama Amani ao Bahati linavyojaa Kivu. Karani hakubishana naye. Alimpima urefu wa kichwa, upana wa kichwa, kidole cha katikati na mguu, kisha akaenda kwenye kabati na kutoa karatasi moja ngumu. Vipimo vilikuwa vilevile. Jina halikuwa lilelile: miezi michache tu mbele, mtu huyo alipimwa katika buro hiyohiyo akiitwa Martin. Alipoona hivyo, akakubali.

Karani huyo aliitwa Alphonse Bertillon, na huyo “Dupont” alikuwa mtu wa kwanza kutambuliwa kwa njia yake. Kutoka siku hiyo hadi vita ya 1914, polisi wa Paris, London, Calcutta na La Plata walitafuta jibu la ulizo moja: mtu akikana jina lake, utajuaje ni nani? Majibu waliyopata yaliwafunga wezi wengi. Yalimfunga pia mtu asiye na kosa, na mwishoni yakawafikia watu ambao hawakuiba kitu chochote, hata huku Afrika.

Jina ni kama koti

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Lakini katika miji mikubwa ya Ulaya ya karne ya 19, mwizi alijua namna ya kuanza tena kuhesabu toka moja. Alivua jina kama mtu anavyovua koti, akavaa lingine, na mbele ya mwamuzi akawa mtu mpya aliyekosea mara ya kwanza.

Zamani serikali ya Ufaransa ilikuwa na dawa yake kali: chuma cha moto. Mfungwa aliyehukumiwa kazi ngumu alichomwa alama kwenye bega, na alama hiyo haikufutika. Mwaka wa 1832 adhabu hiyo iliondolewa. Ilikuwa ushindi wa utu, lakini polisi walibaki mikono mitupu, sababu mwili wa mwizi haukusema tena habari zake.

Mwaka wa 1850 Ufaransa ikaanzisha casier judiciaire, karatasi zinazoonyesha hukumu zote za mtu, ambazo ziliwekwa kwenye tribinali ya mahali alipozaliwa. Shauri hilo lilitoka kwa mwanasheria Arnould Bonneville de Marsangy. Lilikuwa shauri zuri, lakini lilikuwa na tundu moja kubwa: karatasi zilipangwa kwa jina na mahali pa kuzaliwa. Aliyedanganya mambo hayo mawili hakuonekana. Na mwaka wa 1871, wakati wa vita vya ndani vya Paris, moto uliteketeza vitabu vya uzazi vya jiji hilo. Toka hapo mtu yeyote angeweza kusema “nilizaliwa Paris”, na ilikuwa vigumu kumpinga.

Uingereza ilikuwa na shida ileile. Sheria za 1869 na 1871 juu ya wahalifu wa mazoea ziliagiza serikali iwe na daftari kubwa la watu waliokwisha kuhukumiwa, na wafungwa wapigwe picha. Daftari lilichapwa na kutumwa kwa polisi. Kulikuwa na daftari lingine la alama za mwili: kovu, chanjo za wino, kidole kilichokatika, vyote vikipangwa kwa sehemu za mwili. Lakini picha zilipokuwa maelfu, hakuna askari aliyeweza kuzipitia zote. Kwa hiyo wapelelezi wa London waliendelea na njia ya zamani: kwenda gereza la Holloway, kusimama mbele ya mahabusu na kuwaangalia uso kwa uso, wakitumaini kukumbuka mmoja wao.

Shida haikuwa ukosefu wa karatasi. Karatasi zilikuwa nyingi mno, na hakuna aliyejua ile anayoitafuta iko wapi.

Karani aliyepima masikio

Bertillon aliingia kazini katika polisi ya Paris mwaka wa 1879. Kazi yake ilikuwa kunakili fishi za watu waliokamatwa: “mrefu kiasi”, “uso wa kawaida”, “hana alama ya pekee”. Aliona haraka kwamba maneno hayo yangeweza kumhusu mtu yeyote.

Kwao nyumbani hesabu ilikuwa chakula cha kila siku. Baba yake alikuwa daktari na mtaalamu wa takwimu, na familia ilijua vizuri kazi za Mbelgiji Adolphe Quetelet, aliyeonyesha kwamba vipimo vya miili ya watu hufuata kanuni. Bertillon alichukua fikira hiyo na kuigeuza: kama vipimo vinatofautiana kwa kanuni, basi vipimo vingi vya mtu mmoja, vikiwekwa pamoja, vitamtenga na wengine wote.

Prefe wa polisi wa wakati huo, Louis Andrieux, alimcheka na kumkatalia. Prefe aliyemfuata, Jean Camescasse, alimpa miezi mitatu ya kujaribu. Ndipo akapatikana yule “Dupont”. Mwaka wa 1884 njia ya Bertillon ilitambulisha watu 241 waliokuwa wameficha hukumu zao za zamani.

Mfungwa alipimwa mara 11: urefu wake akisimama, urefu akikaa, upana wa mikono iliyonyooshwa, urefu na upana wa kichwa, sikio la kuume, mguu wa kushoto, kidole cha katikati, kidole kidogo, na mkono toka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, pamoja na kipimo cha uso. Rangi ya jicho iliandikwa. Picha mbili zilipigwa, moja ya uso na moja ya upande, na desturi hiyo ya picha mbili inafuatwa na polisi wa inchi nyingi hata leo.

Lakini akili ya Bertillon ilionekana zaidi katika kabati kuliko katika kipimo. Chukua mfano wa fishi 90,000. Kwanza zinagawanywa kwa urefu wa kichwa: kifupi, cha kati, kirefu. Kila fungu linabaki na karibu 30,000. Kila fungu linagawanywa tena kwa upana wa kichwa: 10,000. Kisha kwa kidole cha katikati: karibu 3,300. Kisha kwa mguu: 1,100. Kisha kwa mkono: 370. Ukiendelea hivyo na urefu wa mwili, kidole kidogo na rangi ya jicho, unafikia kisanduku kidogo chenye fishi chache tu. Hapo askari anaangalia picha kwa macho yake. Kazi ambayo ilihitaji siku nyingi ikawa ya dakika.

Kulikuwa pia na sababu ya haraka. Tarehe 27 Mei 1885 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuwapeleka wahalifu waliorudia makosa kuishi maisha yao yote katika makoloni ya mbali, Guyana na New Caledonia. Kuanzia hapo, kujua kama mtu ni Dupont ao Martin hakukuwa jambo la karani peke yake. Fishi moja iliweza kumtoa mtu Paris na kumtupa ngambo ya bahari hadi kifo.

Inchi nyingi ziliiga njia hiyo. Lakini ilikuwa na magonjwa yake. Vyombo vilikuwa vya bei na vilitaka askari aliyefundishwa vizuri. Askari wawili walipompima mtu mmoja, kila mmoja aliweza kupata milimita zake. Kijana aliyepimwa akiwa na miaka 17 alikuwa mwingine akiwa na miaka 21. Na kipimo kiliweza kusema “huyu siye” kwa nguvu kuliko “huyu ndiye”.

Vidole kutoka Bengal

Jibu bora halikuzaliwa Ulaya. Lilitoka India, wakati ule ikiwa chini ya Waingereza.

Mwaka wa 1858, William Herschel, mtumishi wa serikali katika Bengal, alimwomba mfanyabiashara mmoja apige muhuri wa mkono wake kwenye mkataba ili asije akaukana. Baadaye akaona kwamba alama za vidole hazibadiliki mtu anapozeeka. Mwaka wa 1880 daktari Mscotland Henry Faulds, aliyekuwa akifanya kazi Tokyo, aliandika katika gazeti la sayansi Nature kwamba alama za vidole zinaweza kusaidia kumpata mhalifu. Mwaka wa 1892 Francis Galton alitoa kitabu kizima juu yake. Mwaka huohuo, huko Argentina, polisi waliofundishwa na Juan Vucetich walitumia alama ya kidole chenye damu iliyobaki kwenye mlango ili kujua nani aliua watoto wawili wa Necochea. Mama yao, Francisca Rojas, alikuwa amemshitaki jirani. Kidole kilikuwa chake mwenyewe, naye akakiri.

Kila mtu alikubali kwamba alama zina nguvu. Ulizo lililobaki lilikuwa lile la kabati: utazipanga namna gani? Michoro ya ngozi haina herufi A hadi Z.

Jibu lililotumiwa zaidi lilitengenezwa katika polisi ya Bengal chini ya mkubwa wao, Edward Henry. Hesabu yenyewe ilifanywa sana na Wahindi wawili waliofanya kazi chini yake, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mfumo ulibeba jina la Henry peke yake, na miaka mingi ilipita mbele ya serikali kutambua wazi kazi ya hao wawili.

Hesabu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Vidole 10 vinapangwa katika jozi 5. Askari anaangalia kama kidole kina mchoro wa mzunguko, ule unaofanana na maji ya kisima ukitupa jiwe. Katika jozi ya kwanza kidole chenye mzunguko kinapata 16, katika ya pili 8, katika ya tatu 4, katika ya ine 2, katika ya tano 1. Kidole kisicho na mzunguko kinapata sifuri. Unajumlisha upande mmoja wa jozi zote, kisha upande mwingine, na kuongeza 1 kwa kila upande. Kila upande unatoa namba kati ya 1 na 32. Mtu asiye na mzunguko hata mmoja ni 1 juu ya 1, na mwenye mizunguko kwenye vidole vyote ni 32 juu ya 32. Zidisha 32 kwa 32, unapata vyumba 1,024 vya kabati, na ndani ya kila chumba unagawanya tena.

Vifaa vilikuwa wino wa mpiga chapa, kibao na karatasi. Hakuna chombo cha bei. Askari yeyote aliweza kujifunza kupaka wino na kubingirisha kidole. Serikali ya India iliukubali mfumo huo mwaka wa 1897, na buro ya alama za vidole ikafunguliwa Calcutta. Mwezi wa Julai 1901, Henry akiwa amehamishiwa London, polisi ya jiji hilo ikafungua ya kwake.

Siku ya mbio za farasi

Mwaka uliofuata mfumo ulijaribiwa mbele ya watu. Kila mwaka mbio za farasi za Epsom, karibu na London, ziliwavuta wezi wa mifukoni toka kila pembe ya inchi. Walipokamatwa walitoa majina ya uongo, wakahukumiwa kidogo kama watu wa kosa la kwanza, wakaondoka. Mwaka wa 1902 polisi walichukua alama za vidole za watu 54 waliokamatwa huko na kuzituma London. Kesho yake, mbele ya waamuzi kukaa, majibu yalikuwa yamekwisha kufika: 29 kati yao walikuwa na hukumu za zamani.

Mwaka huohuo, katika mtaa wa Denmark Hill, mwizi aliingia katika nyumba na kuiba mipira ya mchezo wa biliadi. Alipita dirishani, ambapo rangi ilikuwa mbichi, akaacha alama ya dole gumba. Sajenti Charles Collins na wenzake walipekua karatasi za wezi wa nyumba wanaojulikana, moja baada ya nyingine, hadi wakafika kwa Harry Jackson. Mwezi wa Septemba alihukumiwa miaka 7. Alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuhukumiwa kwa wizi kwa ushuhuda wa kidole.

Mwaka wa 1905 ilionekana pia kabati haiwezi nini. Mwenye duka na mke wake waliuawa huko Deptford, na alama ya dole gumba ikabaki kwenye sanduku la feza. Polisi walitafuta katika makumi ya maelfu ya karatasi, bila kupata kitu. Wauaji, ndugu wawili Stratton, walikuwa hawajawahi kuingia katika kabati hiyo. Ni mashahidi waliowaona njiani ndio waliowafikisha polisi kwao, na kidole kikaja kuthibitisha baadaye. Walinyongwa. Daftari linajua tu wale liliokwisha kuwaona.

Ukweli ulilala ndani ya karatasi

Kesi iliyoitikisa Uingereza zaidi ya zote ilikuwa ya mtu aliyebebeshwa karatasi ya mwingine.

Desemba 1895, katika barabara ya Victoria, London, mwanamke mmoja alimshika Adolf Beck, mtu wa Norway, akasema ndiye aliyemwibia vitu vya thamani kwa kujifanya tajiri mkubwa. Wanawake wengine walikuja na kusema vilevile. Polisi walikumbuka kwamba mwaka wa 1877 mtu aliyejiita John Smith alihukumiwa kwa udanganyifu wa namna ileile. Askari mmoja wa zamani aliapa kwamba Beck na Smith ni mtu mmoja.

Beck alisema wakati ule wa 1877 alikuwa Amerika ya Kusini. Mwamuzi hakukubali jambo hilo lizungumzwe mbele ya baraza. Mwaka wa 1896 Beck alihukumiwa miaka 7, na gerezani akapewa namba ya zamani ya Smith, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake.

Mwaka wa 1898, kwa maombi ya mtetezi wake, ofisi ya serikali ikafungua karatasi za gereza za John Smith. Ndani mliandikwa kwamba Smith alikuwa Myahudi aliyetahiriwa. Beck hakutahiriwa. Watu hao wawili hawangeweza kuwa mmoja, na karatasi ilikuwa imesema hivyo miaka yote.

Basi ilifanyika nini? Namba ya Beck ilibadilishwa, lakini hakufunguliwa. Alitoka mwaka wa 1901. Mwaka wa 1904 akakamatwa tena kwa makosa ya namna ileile, akaonekana tena mwenye hatia. Bahati yake ni kwamba mwamuzi aliona shaka na kuchelewesha hukumu. Mwezi wa Julai, wakati Beck yuko ndani, mtu mwingine alishikwa akitaka kuweka rehani pete alizopata kwa hila ileile. Huyo ndiye aliyekuwa “John Smith” wa kweli. Beck alisamehewa na kulipwa pauni 5,000. Kesi yake ilikuwa moja ya sababu zilizofanya Uingereza iunde, mwaka wa 1907, tribinali ya rufaa kwa kesi za uhalifu.

Katika mambo hayo kabati haikukosea. Waliokosea ni watu: kwanza hawakuifungua, kisha walipoifungua hawakutaka kukubali kile ilichosema.

Paris nayo ilipata aibu yake, ingawa haikumwaga machozi ya mtu. Tarehe 21 Agosti 1911 picha ya Mona Lisa iliibiwa katika jumba la Louvre. Mwizi aliacha alama ya kidole kwenye kioo. Vincenzo Peruggia, fundi Mwitaliano aliyeiba, alikuwa amekwisha kukamatwa Paris, na fishi yake ilikuwa katika kabati la Bertillon. Lakini kabati hilo lilipangwa kwa vipimo vya mwili, si kwa vidole. Mwenye alama ya kidole peke yake hakuwa na mlango wa kuingilia. Picha ilipatikana Florence mwezi wa Desemba 1913, wakati Peruggia alipojaribu kuiuza. Bertillon alikufa Februari 1914, na baada yake vidole vikachukua nafasi ya vipimo karibu kila mahali.

Toka mwizi hadi watu wote

Mwaka wa 1908 Uingereza ilipitisha sheria juu ya wahalifu wa mazoea: mtu mwenye hukumu tatu ao zaidi tangu miaka 16, aliyeendelea kuishi kwa wizi, aliweza kuongezewa miaka 5 hadi 10 ya kufungwa baada ya adhabu ya kosa lenyewe. Ubelgiji nayo ilitunga sheria yake mwaka wa 1930, iliyowaweka pamoja wagonjwa wa akili na wahalifu wa mazoea. Sheria kama hizo hazingewezekana bila karatasi zinazoaminika.

Lakini chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mwizi hakikubaki kwa mwizi. Tarehe 16 Julai 1912 Ufaransa iliwalazimisha watu wa kuhamahama, wengi wao wakiitwa Wagipsi, kubeba kitabu chenye vipimo vyao, picha na alama za vidole, kuanzia miaka 13. Kila walipofika mahali na kila walipoondoka, kitabu kilipigwa muhuri. Hawakuhukumiwa kwa kosa lolote. Kosa lao lilikuwa kutokuwa na nyumba ya kudumu. Sheria hiyo ilidumu hadi 1969.

Katika India, sheria ya 1871, iliyoongezwa nguvu mwaka wa 1911, iliita makabila mazima “makabila ya wahalifu”. Mtoto aliyezaliwa humo aliingia katika daftari kabla hajatenda lolote. Katika Transvaal, Afrika ya Kusini, serikali iliwataka Wahindi na Wachina waandikishwe kwa alama za vidole. Mohandas Gandhi, wakati ule mwanasheria Johannesburg, aliongoza upinzani toka 1906, na mwezi wa Agosti 1908 watu wakachoma vyeti vyao mbele ya msikiti wa jiji hilo.

Kenya ilipata sheria yake mwaka wa 1915, ikatumika baada ya vita. Kila mwanaume Mwafrika toka miaka 16 alibeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi yake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoninginia shingoni. Mwajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi na siku ya kuacha. Aliyekimbia kazi alitafutwa kama mhalifu. Katika Congo ya Wabelgiji pia, Mwafrika aliyetaka kuondoka kwa muda mrefu katika sheferi yake alihitaji karatasi ya ruhusa, na kutembea bila karatasi kulimfanya mtu kuwa mkosaji.

Hapo ndipo historia hii inabadilika. Chuma cha moto kiliondolewa sababu kiliweka alama ya aibu mwilini mwa aliyehukumiwa. Miaka 80 baadaye, watu ambao hawakuhukumiwa walibeba alama yao shingoni.

Leo katika Congo

Mambo haya hayako mbali na wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi. Kijana anayetafuta kazi anaombwa mara nyingi hati ya casier judiciaire, ileile iliyozaliwa Ufaransa mwaka wa 1850 na kuletwa na Wabelgiji pamoja na sheria zao. Na tangu uandikishaji wa wapiga kura wa 2005, mamilioni ya Wakongomani wameweka vidole vyao kwenye mashine, na kadi ya mpiga kura imekuwa kitambulisho cha kila siku, benki na barabarani.

Mashine inafanya kwa dakika chache kazi iliyomchosha Sajenti Collins. Lakini maulizo ya wakati wa Beck hayajazeeka. Nani ameandikwa, na kwa sababu gani? Nani anaruhusiwa kufungua? Habari ikiwa na kosa, nani ana mamlaka ya kuisahihisha, na katika siku ngapi?

Katika mikoa ambamo watu wengi wanaitwa jina moja, ambamo vitabu vya uzazi vimechomwa ao kupotea katika vita, na ambamo tarehe ya kuzaliwa inakadiriwa, hatari ya kubebeshwa karatasi ya mwingine si hadithi ya London. Anayepokea hati yenye jina lake afanye kile ambacho polisi wa 1896 hawakufanya: asome kila mstari, jina la baba na la mama, mahali na mwaka, kabla ya kutia saini. Kosa la herufi moja linarekebishwa kwa urahisi siku hiyohiyo mbele ya karani. Likikwisha kuingia katika kabati, lilimchukua Beck miaka minane na kufungwa mara mbili.